Shimo la Milimita 30

Maneno haya niliyasema Arusha, Jumamosi moja ya masika, mbele ya vijana wa ufundi waliokusanyika kwenye karakana maeneo ya Unga Limited. Kijana mmoja aliyarekodi kwa simu. Nimeyaandika kama yalivyotoka, isipokuwa pale mvua ilipolishinda bati na sisi wote tukanyamaza.

Shikamooni wazee mliokaa nyuma. Machalii, mambo? Akina dada, sogeeni huku ndani, hapo mlangoni mtalowa.

Ujumbe wa mwaliko ulisema nizungumzie ujasiriamali. Nimekaa nao usiku kucha nikashindwa. Kila nikianza sentensi naishia kwenye drili. Kwa hiyo nimekuja na kitu kimoja tu, nacho ni shimo. Shimo la duara, upana wake milimita 30, kwenye shiti la chuma, la kukalia kitufe cha mashine ya gemu. Mkinivumilia nitalisema hilo shimo mpaka mvua ikatike. Msiponivumilia pia mtalisikiliza, maana kwa mvua hii hamna pa kwenda.

Pokeeni hiki, mpitishane. Wengine wanakiita kitufe, watoto wa vibanda vya gemu wanakiita batani, yote sawa. Kibonyeze. Kuna mlio mdogo, tik! Bati limeumeza, weka sikioni. Mlio huo unatoka kwenye swichi ndogo iliyo chini yake, yenye miguu mitatu. Sasa geuza uangalie shingo yake. Hicho kina uzi kama boliti na nati yake ya plastiki. Na hiki cha pili, cha rangi nyekundu, hakina nati kabisa. Kina masikio mawili ubavuni, ukiyabana yanaingia ndani, ukiyaachia yanatoka. Tofauti hiyo ya nati na masikio ndiyo iliyonigharimu shiti zima, na ndiyo sababu nimesimama hapa.

Mimi ni fundi mageti, mnanijua. Mageti, madirisha, na ngazi za nje za ghorofa pale mtu akiwa na hela. Kwenye gemu nimeingizwa na mama mmoja mwenye kibanda kule Ngarenaro. Nilishamtengenezea geti. Akaja akasema, "Fundi, hizi pedi za kuchezea gemu zinanimaliza. Mtoto akifungwa bao anaibamiza chini. Nitengenezee kitu cha chuma."

Nikamwambia, "Mama, chuma ndiyo kazi yangu, ila gemu siijui."

"Hutakiwi kuijua. Unitengenezee ile mashine ya kusimama, ya zamani, yenye kijiti na batani. Wakitaka kupiga, wapige chuma."

Nikakubali. Na kabla sijatoboa hata shimo moja, mwenyekiti wa mtaa alishafika karakana. Kasikia natengeneza mashine yenye batani, kaja na uso wa msiba. "Mwanangu, na wewe umeingia kwenye dubwi?" Nikamwekea kiti, nikamweleza. Mzee, dubwi ni kamari, unaweka hela ukitegemea hela. Kamari ina bodi yake na leseni zake, na mimi sina hata moja. Hii ni ya mtoto kulipa acheze, akishindwa aende nyumbani akale. Alikaa nusu saa kuhakikisha nasema kweli, mwishowe akauliza kama ile ndege ya kutungua ndege nyingine bado ipo. Kumbe ujana wake aliicheza, sijui wapi, hakutaka kusema.

Turudi kwenye masikio na nati.

Mashine hizi zilienea duniani kutoka Japani na Marekani. Space Invaders ilitoka Japani mwaka 1978, Pac-Man ikafuata 1980, na nchi zote mbili zikawa zinatengeneza makabati ya kusimama au ya kukaa. Wamarekani walizoea paneli ya mbao, na mbao ni nene, milimita 18 au karibu na hapo. Kitufe cha mbao lazima kiwe na shingo ndefu yenye uzi, nati ikaze kwa chini. Wajapani kwenye makabati yao mengi waliweka paneli ya chuma, na kwenye chuma chembamba huhitaji shingo ndefu. Unasukuma kitufe kwa juu, masikio yanajibana, yanapita, yanafunguka upande wa pili, kimeshika. Hakuna nati, hakuna spana. Kikifa unabana masikio kwa vidole kwa chini, unakisukuma nje, unaweka kipya mteja akiwa anakunywa soda.

Kwa hiyo mkiniuliza kitufe gani kinafaa chuma, jibu lipo kwenye historia yake: cha masikio kilizaliwa kwenye chuma. Ukikipeleka kwenye mbao ya milimita 18, masikio yanabaki ndani ya mbao, hayaoni upande wa pili. Cha nati kinakubali kote kuwili, ila kwenye chuma utabaki na shingo ndefu inayoning'inia chini, na kama sanduku lako ni la kimo kifupi, swichi inagusa sakafu ya sanduku. Hili la swichi kugusa chuma tutalirudia, lina kisa chake.

Na kwa nini vitufe sita? Hili nalipenda, niruhusuni nitoke njiani kidogo. Mwaka 1987 kampuni ya Capcom ilitoa gemu la ngumi, Street Fighter. Toleo moja la mashine ile lilikuwa na vibao viwili vikubwa vya mpira, kimoja cha ngumi na kimoja cha teke, na mashine ilipima umepiga kwa nguvu kiasi gani. Ukipiga polepole, ngumi ndogo. Ukipiga kwa hasira, ngumi kubwa. Fundi yeyote aliyekaa hapa anajua mwisho wake. Ukimwambia mchezaji kwamba nguvu ndiyo ushindi, atapiga mpaka abomoe. Vibao vikaachwa, vikawekwa vitufe sita: ngumi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na mateke matatu hivyohivyo. Mwaka 1991 ikaja Street Fighter II na vitufe vyake sita, dunia nzima ikacheza, na mpaka leo paneli ya gemu la ngumi inahesabiwa kwa sita. Mama wa Ngarenaro, bila kusoma popote, alikuwa na tatizo lilelile la 1987.

Ila hayo makabati ya miaka ile yalikuwa na utaratibu wa waya uliokubaliwa Japani mwaka 1985, unaitwa JAMMA, kiunganishi cha pini 56. Na ule utaratibu ulihesabu vitufe vitatu kwa mchezaji, sio sita. Ndiyo maana gemu za ngumi zilikuja na kishada cha pili cha waya kwa ajili ya mateke. Sisi hatuhitaji hayo yote, tunatumia kibodi kidogo cha saketi cha kuchomeka USB, yaani bodi ndogo inayopokea waya za vitufe, lakini siku ukifungua kabati la zamani ukakuta vishada viwili, usishangae.

Sasa kosa langu.

Nilimwagiza kijana mmoja wa Dar aniletee vitufe kumi na viwili na vijiti viwili. Akasema vinakuja wiki ijayo, vya milimita 30. Mimi nina shiti, nina drili, nina haraka. Nikatoboa mashimo kumi na mawili ya 30, nikayapiga tupa, nikapaka rangi, nikayaangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe wake. Vitufe vikafika. Vile vya Kimarekani. Shimo lake ni inchi moja na moja ya nane, yaani milimita 28 na nusu na kidogo. Ukikiweka kwenye shimo la 30, ukingo wa juu unafunika shimo, kwa hiyo kwa macho hauoni kitu. Lakini kabla hujakaza nati kinatembea. Ukikaza, kila kimoja kimekaa upande wake, kama meno ya mzee. Nikakata tyubu ya baiskeli, nikavalisha kila shingo pete ya mpira, vikatulia. Vilidumu miezi mitatu hivi, mpira ukakatika kwa joto na kubanwa, vikaanza kucheza tena. Shiti likawa la kuzibia banda la kuku la nyumbani. Kuku wangu wana mashimo kumi na mawili ya hewa, ya duara safi kabisa.

Kwa hiyo: kitufe kwanza mkononi, ndipo shimo. Usiamini neno la muuzaji, usiamini picha. Chukua venia kalipa, kile kipimo cha taya mbili, pima shingo, sio ukingo. Pima na nati, kwa sababu nati nayo ina upana wake na itataka nafasi kule chini. Vitufe vidogo, vile vya "start", mara nyingi ni vya 24. Vya 30 ndivyo vya kupigania. Ukingo wa juu wa kitufe cha 30 una kama 33, maana yake ukiweka senta mbili kwa umbali wa 32 zitagombana. Mimi naweka 36 kutoka senta hadi senta, vidole vyangu vinakubali na vya watoto vinakubali.

Kabla ya chuma, katoni. Katoni yoyote, hata ya maji ya kunywa. Chora, toboa kwa kisu, chomeka vitufe vyenyewe, weka mikono. Muite mtoto, usijipime wewe. Mimi nina mkono wa fundi, nikipanga kwa mkono wangu mtoto wa miaka kumi hafikii kitufe cha mwisho. Katoni ya mama ilibadilishwa mara nne. Kuna kijana wa pale kibandani, mbishi kweli, akaniambia, "Anko, vidole havijalingana urefu, kwa nini unanipangia mstari mnyoofu?" Nikaangalia vidole vyangu kama navikuta siku hiyo. Safu ikapinda kidogo, kitufe cha kidole cha shahada kikashuka. Ile katoni bado ninayo.

Na unapochora, kumbuka kunja za shiti. Paneli ya chuma haiishii bapa, unaikunja kingo ili isikate mikono na isilegee katikati. Ile kingo iliyoshuka inakula nafasi. Kitufe kikikaa karibu na kunja, kwa juu kinapendeza, kwa chini nati haizunguki au miguu ya swichi inalala juu ya chuma. Acha nafasi. Sisemi kiasi gani, chomeka kitufe kwenye katoni, kunja katoni, angalia kwa chini.

Unene. Mwanzoni nilijaribu shiti la milimita moja, masalia ya kazi ya mlango. Kitufe cha masikio kilishika, ila kilikuwa kinazunguka na kutikisika, na mchezaji akiegemea, paneli nzima inapumua. Sasa hivi natumia milimita 2, au moja na nusu kisha juu yake nalaza plastiki ngumu angavu ya milimita moja. Hiyo ya pili ni nzuri kwa sababu chini ya plastiki unaweza kuweka picha, na kiganja hakigusi chuma asubuhi ya mwezi wa saba. Wa hapa mnanielewa. Paneli ya chuma Arusha, mwezi wa saba, saa moja asubuhi, ni kama kushika barafu.

Haya, drili. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu nilipokaribishwa.

Vijana wengi wakisikia shimo kubwa wanatafuta biti kubwa ya kawaida, ile ya msokoto. Kwenye chuma kinene ni sawa. Kwenye shiti jembamba, ncha ya biti inatoboka upande wa pili kabla mabega yake hayajaingia. Ikishatoboka haina kinachoishika katikati, inaanza kuyumba, na shimo linatoka na pembe tatu. Sio utani, chukua shiti la milimita moja na biti ya 13 ujaribu nyumbani, utapata umbo kama sambusa iliyonona. Na hatari zaidi, biti ikinasa, shiti lote linageuka feni. Nimeona kidole cha mtu kwa sababu hiyo, sitaeleza zaidi kuna watu hawajala.

Tumia hii. Biti ya ngazi, yenye umbo la koni. Hii inaanzia 4 inaishia 32, kila ngazi inaongeza milimita mbili. Zihesabu, zipo kumi na tano. Ndani yake kuna 24 ya "start" na 30 ya kupigania. Kila ngazi inashikwa na shimo la ngazi iliyotangulia, ndiyo maana duara linatoka duara. Na ngazi inayofuata ikigusa kidogo tu, inaondoa meno ya upande wa juu.

Hasara yake ni hiyohiyo raha yake. Inashuka kama kisu kwenye siagi, na ukipitiliza 30 unaingia 32, na 32 hairudi. Chuma hakiongezeki. Mimi nazungushia tepu ya karatasi kwenye ngazi ya 32, ile inayofuata ya 30, nyekundu au nyeupe, yoyote inayoonekana ikizunguka. Tepu ikigusa shiti, simama. Kuna siku nilimwachia kijana wangu amalizie mashimo mawili ya mwisho, tepu ilikuwa imebanduka, yeye akaona ngazi moja zaidi haina neno. Tulikaa kimya wote wawili. Sikumgombeza, kwa sababu banda la kuku lilikuwa bado lina upande mmoja wazi.

Kwa vitufe vya Kimarekani vya 28 na nusu, toboa 28 halafu panua kwa tupa ya nusu duara, ukizunguka na kujaribu, ukizunguka na kujaribu. Inachosha. Ndivyo ilivyo.

Mwendo wa drili. Wengi mna mashine ya mkono inayokimbia zaidi ya mizunguko elfu mbili kwa dakika. Kwa biti ya 4 ni sawa. Lakini fikiria ukingo wa ngazi ya 30, kwa mzunguko uleule unasafiri mbali mara saba na nusu kuliko ule wa 4. Kwa chuma laini, ngazi ya 30 inataka kama mizunguko 250 hadi 300 tu. Ukienda kasi, makali yanapata joto, yanabadilika rangi kuwa bluu, na biti ya bei mbaya imekufa kwenye shimo la tatu. Polepole, na mafuta. Mafuta machafu ya injini yanafaa, ila yatafute yasiyo na mchanga. Ukiona vinyweleo vya chuma vinatoka virefu vimejikunja, mwendo ni mzuri. Ukiona unga na moshi, acha, pumzika, jifikirie.

Utaratibu wangu ni huu. Nabandika tepu ya karatasi eneo lote, nachora juu yake kwa penseli iliyochongwa, mistari ikatane. Pale inapokatana napiga senta panchi, ile ncha ya kutia alama, mara moja, sio mara tatu, maana mara tatu ni senta tatu. Natoboa njia kwa biti ya 3. Halafu shiti nalilaza juu ya ubao chakavu na nalibana kwa klampu mbili, sio moja, maana moja ni mhimili na shiti litazunguka juu yake. Glavu sivai kwenye drili, na wewe usivae, kitambaa kikishikwa kinavuta mkono. Miwani navaa, hata kama naonekana mzee.

Kama una rafiki anayefunga paneli za umeme viwandani, muulize kama ana panchi ya kukatia, ile ya vipande viwili inayovutwa na boliti katikati. Vitufe vya viwandani vikubwa navyo ni vya milimita 30, na panchi yake hukata 30 na nusu. Nusu milimita hiyo ukingo wa kitufe unaifunika. Unatoboa njia ya boliti, unakaza spana, shiti linakatika kimya kimya, hakuna meno, hakuna moshi, jirani hajui. Niliazimwa moja kwa siku mbili na nikairudisha kwa shida.

Baada ya kutoboa, geuza. Upande wa chini kuna meno. Pitisha kidole... hapana, usipitishe kidole. Pitisha tupa ya nusu duara, kisha msasa uliokunjwa. Meno hayo yakibaki yanakata maganda ya waya, na yanazuia masikio ya kitufe kukaa sawasawa.

Rangi ni baada ya mashimo, lakini rangi ina unene. Fundi wa mageti tunapaka redi oksaidi ya kuzuia kutu, halafu rangi mara mbili, na ndani ya shimo inajikusanya. Shimo la 30 linakuwa 29 na kitu, unalazimisha kitufe, masikio yanapasuka. Ukimaliza kupaka, futa ndani ya mashimo kabla haijakauka, au ikikauka ukwangue. Dakika tano.

Sasa waya, na kisa nilichowaahidi.

Kila kitufe kina miguu miwili inayotuhusu, ya pamoja na ile ya kufunga saketi ukibonyeza. Kile chenye swichi ya kubofya kina miguu mitatu, wa tatu ni wa kufungua saketi, uache. Waya mmoja unapita kitufe hadi kitufe kwenye miguu ya pamoja, kama watoto walioshikana mikono, na unaishia upande hasi wa kibodi cha saketi. Miguu mingine kila mmoja na waya wake. Usilehemu moja kwa moja kwenye mguu, joto linayeyusha plastiki inayoushika. Tumia vichomekeo, vile vya kubana kwenye ncha ya waya. Vya Kijapani ni vya milimita 2 na nukta 8, vya swichi kubwa za Kimarekani ni 4 na nukta 8. Ukinunua visivyo, vitaingia kwa kulegea na utakuja kunilaumu.

Mashine ya pili ya mama, hii ya shiti jipya, ilikuwa nzuri. Siku ya kuwasha kibanda kizima kimesimama. Wakachagua wapiganaji. Wa kulia akaanza kurusha teke. Peke yake. Hakuna aliyeshika kitu. Teke, teke, teke. Watoto wakashangilia, wakadhani nimeweka ujanja. Mama akaniangalia kwa jicho lile.

Nikang'oa kibodi, nikaweka kingine. Teke. Nikabadilisha waya. Teke. Nikabadilisha kitufe chenyewe. Likaacha, nikafunga paneli, nikaondoka, nikafika Mbauda simu inalia. Teke.

Siku ya pili nikakaa chini ya paneli na tochi mdomoni. Mguu wa swichi wa kile kitufe ulikuwa umegusa kunja ya shiti. Umegusa kwa unene wa unywele, na tu pale paneli ikifungwa na kujibana. Sasa sikilizeni: paneli yangu niliiunganisha na upande hasi, kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo kibodi cha saketi hakijui tofauti ya mtoto kubonyeza na mguu kugusa chuma. Kwake yote ni teke. Kwenye mbao jambo hili halipo, mbao haipitishi umeme, unaweza kulaza waya wazi juu yake miaka kumi. Chuma kinasikia kila kitu. Dawa yake ilikuwa kugeuza kitufe nusu mzunguko miguu iangalie katikati, na kuvalisha kila kichomekeo mpira wake. Shilingi mia chache. Siku mbili za maisha yangu.

Na kwa kuwa ni chuma, kuna neno lisilo na utani. Waya wa vitufe una volti 5 tu, haumdhuru mtu. Lakini ndani ya kabati hilohilo kuna skrini na chaja zinazokula volti 230. Waya mmoja ukichubuka ukagusa kabati, mtoto aliyeshika kijiti kwa mkono wenye jasho, miguu peku kwenye sakafu yenye maji ya mvua kama hii, ndiye atakayelipa. Kabati la chuma lazima liunganishwe na waya wa ethi wa plagi ya miguu mitatu, na pale unapofunga boliti ya ethi ukwangue rangi mpaka chuma king'ae, maana rangi ni kizuizi. Kama kibanda hakina ethi, usiweke kabati la chuma. Nilikataa kazi moja kwa sababu hiyo, mteja akaenda kwa mwingine. Aende.

Kuna dada ameinua mkono. Sema dada... Anauliza kama unaweza kutumia shiti la friji bovu. Unene wake ni mdogo sana, dada, mara nyingi haufiki hata milimita moja. Lakini ukililaza juu ya plaiwudi, plaiwudi ikafanya kazi ya kubeba, hapo utatumia kitufe cha nati, cha masikio sahau. Ni wazo zuri, na lile friji tayari lina rangi.

Mzee wa nyuma anauliza ni bei gani. Mzee wangu, hiyo tutaongea pembeni, mwenye karakana yupo hapa na yeye anataka moja.

Naona mvua imepungua. Umeme upo? Upo. Haya, wewe chalii wa koti la bluu, na dada wa friji, njooni mshike klampu. Shiti hili ni la milimita 2, senta nimeshapiga, tepu ipo kwenye ngazi ya 32. Miwani hii hapa. Anza polepole.